Dakika Ishirini kwa Miguu

Nilipomtumia Mama picha ya ploti kwa WhatsApp, alikaa siku mbili bila kujibu. Tiki mbili za buluu, kimya. Siku ya tatu akanipigia saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo kwetu Uriri simu hupigwa tu kama kuna mtu amekufa. Hakuuliza bei. Hakuuliza kama kuna maji ama stima. Aliuliza, "Na hapo, nyathina, ukifa utazikwa na nani?"

Nilikuwa stesheni ya Embakasi Village, nimebanwa katikati ya watu na mikoba na chupa za chai, treni ikianza kuingia. Nikamwambia, "Mama, wacha nipande gari, nitakupigia." Sikumpigia hadi jioni. Siku nzima ofisini nilikuwa najaza fomu za bima za watu wengine, nikiwaza swali lake.

Wacha nieleze, kwa wale ambao hawakuzaliwa upande wetu. Kijaluo kina neno *ot*, yaani nyumba, hizi kuta na mabati, mahali unapolala. Halafu kina neno *dala*. Dala ni boma, mahali ulipo na jina, lango, mababu na makaburi. Unaweza kuwa na ot popote, Nairobi, Dubai, hata Marekani. Dala ni kitu kingine. Mvulana akikua anajenga simba yake karibu na lango la boma la babake. Akishaoa na kupata mtoto, siku moja alfajiri anatoka na jogoo, shoka, mkewe na kifungua mimba wake, anaenda kuanza dala yake mwenyewe. Kila hatua ina utaratibu na kila mtu anaujua. Kaka zangu wawili wana simba zao pale kwetu, mmoja ameshaanza kuulizwa anahama lini.

Msichana hana simba. Msichana ni mtu anayesubiriwa aondoke. Na asipoondoka, ama akiondoka akarudi, hapo ndipo utaratibu unaishiwa na maneno.

Nilijua hivyo kwa akili, lakini niliuona kwa macho mwaka 2019, tulipomzika waya, dadake baba. Waya aliolewa Rongo akiwa mdogo, ndoa ikavunjika, akarudi. Hakurudi bomani. Alipanga chumba kimoja Oruba, Migori tauni, akaishi hapo miaka 22 akiuza omena sokoni. Karo yangu ya kidato cha tatu alilipa yeye, kwa noti za mia mia zilizonuka samaki hadi bursa akacheka. Alipokufa tulimleta nyumbani. Wazee wakakaa chini ya mwembe, wakaongea kwa sauti ya chini, wakaamua azikwe nje ya ua. Kuna mahali pa mabinti kama yeye, wakasema, na si ndani. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulisimama kwenye matope, upande wa nje wa miti ya ojuok ambayo yeye mwenyewe alisaidia kupanda akiwa msichana, tukamwacha hapo.

Nilikuwa na miaka 31, bila mume, bila mpango wa mume. Jumatatu iliyofuata nilirudi Nairobi kwa basi la usiku, na kabla sijaenda kuoga nilipitia ofisi ya Sacco yetu ya kazini, nikaongeza makato ya kila mwezi. Karani aliniuliza nia ya kuweka akiba. Nikamwambia, ploti.

Wakati huo nilikuwa naishi Pipeline, ghorofa ya tano. Kama hujawahi kuishi Pipeline, hebu fikiria jengo la orofa nane limesimama mkono mmoja kutoka jengo lingine la orofa nane, na nguo za watu mia zinajaribu kukauka katikati. Saa sita mchana nilikuwa nawasha taa. Ofisi yetu iko karibu na Haile Selassie Avenue, dakika sita kwa miguu kutoka stesheni kuu ya reli, na treni ndiyo iliyoniokoa. Siku za mat, ilikuwa lazima nitoke saa kumi na moja ndio nifike saa mbili, na ikinyesha nauli inaruka mara mbili bila aibu. Treni haijui mvua, haipandishi bei, haikati kona ikapitia petroli stesheni kukwepa polisi. Ukishaizoea unakuwa kama mtu aliyeokoka, unahubiria kila mtu.

Kwa hivyo nilijiwekea sheria moja. Ploti yangu itakuwa dakika ishirini kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Si kwa boda, si "kwa gari ya kibinafsi", kwa miguu. Rafiki yangu wa kazini, Mkamba wa Machakos ambaye ameshanunua na kuuza na kutapeliwa na kununua tena, alinicheka. Akasema, "Dada, wewe unatafuta ploti ama unatafuta mume? Hiyo sheria haitakuruhusu." Lakini Jumamosi nyingi tulikwenda pamoja.

Ramani ya treni za Nairobi si ngumu. Kutoka stesheni kuu, reli moja inaenda Embakasi Village. Nyingine inapita Dandora, Githurai na Kahawa hadi Ruiru. Nyingine inapanda magharibi, Kibera, Dagoretti, Kikuyu, Limuru. Na moja inaenda kusini mashariki, Makadara, Imara Daima, Syokimau, na tangu 2020 hivi inasonga mbele hadi Athi River na Lukenya. Mabehewa yanayojiendesha yaliyoletwa mwaka huohuo yalitoka Hispania, yakiwa yameshatumika katika kisiwa cha Mallorca. Mitumba, kama nguo zangu za kazi, na kama nguo zangu za kazi, yanafanya kazi vizuri ukiyatunza.

Upande wa Kikuyu nilikwenda mara moja. Hewa nzuri, ukungu, sukuma wiki nene kama masikio ya ndovu. Bei ya ploti ya hamsini kwa mia ilitajwa, nikamshukuru yule mzee, nikanunua viazi, nikarudi. Ruiru nilikwenda mara tatu, na karibu nibaki huko, lakini kila kilichokuwa karibu na stesheni kilikuwa kimeshajengwa fleti, na kilichobaki kilikuwa mbali kule ndani.

Hapa lazima niwaambie kuhusu zile ziara za bure. Unaona tangazo Facebook, "ploti karibu na reli", unapiga simu, Jumamosi saa tatu unakuta van nyeupe imeegeshwa tauni ikiwa na kijana wa tai nyekundu na krati ya soda. Mnapanda kama watu wa harusi. Njiani anawaonyesha kila kitu ambacho si ploti: hapa ni chuo kikuu kinakuja, pale ni hospitali, ile ni barabara itawekwa lami. Mkifika kuna uwanda, vigingi vya rangi nyeupe, mbuzi, na upepo. "Stesheni iko hapo tu," anasema, akinyosha kidole kule anga inakoanzia. Siku moja niliamua kujua "hapo tu" ni wapi. Nilivua viatu vya kazi, nikavaa raba, nikawasha saa ya simu, nikaanza kutembea. Dakika 47. Nilifika stesheni nimegeuka mweupe kwa vumbi, na mlinzi akaniuliza kama nimeibiwa.

Nikajifunza kwamba mtu anayeuza hatembei. Yeye amefika na gari, ataondoka na gari, na kwake kila kitu ni dakika tano. Ukienda kuona ploti, rudi peke yako siku ya pili, Jumatatu asubuhi, bila soda yake, utembee kama utakavyotembea ukiwa umechelewa kazini.

Syokimau ndiyo niliyoitaka kwa moyo. Stesheni yake ilifunguliwa Novemba 2012 na Rais Kibaki, na nakumbuka nikiitazama kwenye runinga ya hosteli, ile sakafu inayong'aa, nikasema hii si Kenya. (Wiki chache kabla yake, Oktoba 2012, wenzetu wa Dar es Salaam nao walianzishiwa treni ya mjini, na wakaipa jina la waziri, wakaiita treni ya Mwakyembe. Ni kama miji yote miwili ilichoka na foleni mwezi mmoja.) Lakini Syokimau ina kumbukumbu nyingine ambayo mawakala hawaitaji. Novemba 2011, mwaka mmoja tu kabla ya stesheni, matingatinga yaliingia huko yakabomoa nyumba za watu kwa madai kwamba ardhi ni ya uwanja wa ndege. Si vibanda. Nyumba za mawe, za watu waliokuwa na makaratasi mkononi. Nilikuwa bado chuoni. Picha iliyonikaa kichwani ni ya mama mmoja ameketi kwenye sofa yake, na sofa iko nje, na nyuma yake hakuna nyumba.

Halafu Oktoba 2023, wakati nilikuwa katikati ya kutafuta, ikatokea tena Mavoko, kilomita chache kutoka hapo, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kampuni ya saruji. Watu walikuwa wameuziana ile ardhi kwa miaka, wakajenga, wakazaa. Rafiki yangu Mkamba alinitumia video bila maneno yoyote. Wiki hiyo sikwenda kuona ploti.

Hata mimi nilikuwa nimeshaumwa kidogo. Mwaka 2022 nilimpa muuzaji mmoja shilingi 100,000 za kushikia ploti, upande ambao sitautaja. Jamaa mzuri, anayeswali, anayekuita "dadangu". Alinionyesha nakala ya hatimiliki, mhuri, kila kitu. Nilitoa pesa kwanza, nikatafuta wakili baadaye, yaani nilivaa viatu kabla ya soksi. Wakili alipofanya upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi, jibu lilirudi na mstari mmoja: ile hati imewekwa rehani benki. Kumbe mkopo haujalipwa na yeye anauza vipande vipande. Alinirudishia pesa kwa miezi 14, mara elfu tano, mara elfu mbili, na kila mara na aya ya Biblia. Elfu 18 sijaziona hadi leo. Najua kuna watu waliopoteza milioni, na kwao hii ni pesa ya chai, lakini mimi nililia chooni ofisini.

Kwa hivyo kama unatafuta, nitasema hili moja halafu ninyamaze. Upekuzi kwanza, pesa baadaye. Usikubali cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi ukiambiwa hati "iko njiani". Mlete mpimaji wako mwenyewe ahesabu vigingi, kwa sababu vigingi hutembea usiku. Na ukumbuke kwamba mjini ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi, wakati mashambani ni asilimia 2, na hiyo pesa hakuna broka atakayekuambia mapema.

Mwaka wa mafuriko, yaani 2024, ndio ulioniamulia. Mwisho wa Aprili mvua ilinyesha hadi huduma za treni za jijini zikasimamishwa, na mimi mhubiri wa treni nikarudi kwa mat nimeinamisha kichwa. Siku hizo nilikuwa nimebaki na ploti tatu kwenye orodha, zote upande wa Athi River, kwa sababu Syokimau ilishanizidi bei zamani. Ile sheria ya dakika ishirini ilikuwa imeanza kulegea. Rafiki yangu akasema, "Sasa ndio wakati wa kwenda kuziona." Nikadhani ana wazimu. Lakini tulivaa gambuti, tukaenda.

Mto Athi ulikuwa umepita kingo zake. Ploti ya kwanza hatukuifikia, barabara yake ilikuwa ziwa na vijana walikuwa wanavusha watu kwa mkokoteni kwa shilingi hamsini. Ploti ya pili tuliiona kutoka mbali, vile vigingi vyeupe vikichungulia juu ya maji kama meno. Ile niliyokuwa nimeipenda, ya mwisho kabla ya bonde, yenye mti wa mgunga. Mti bado ulikuwa mzuri sana, umesimama katikati ya maji. Ya tatu ilikuwa na mteremko. Maji yalikuwa yanapita pembeni yake yakienda kusumbua wengine. Udongo ni ule mweusi wa huko, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi hadi unaweza kupoteza simu kwenye ufa, na fundi aliniambia msingi wake utanila pesa kabla sijaona ukuta. Viwanda vya saruji viko karibu vya kutosha kwamba majani ya jirani yalikuwa ya kijivu. Maji ya kisima yana chumvi, watu wananunua kwa bauza. Ni arobaini kwa sitini, si hamsini kwa mia. Nilitembea hadi stesheni nikiwa na gambuti na matope. Dakika 34.

"Kiangazi itakuwa ishirini na nane," rafiki yangu akasema.

"Sheria ilikuwa ishirini."

"Sheria uliiandika ukiwa na miaka thelathini na moja."

Bei ilikuwa 1,150,000. Kwenye Sacco nilikuwa na akiba ya 380,000, na Sacco yetu inakukopesha mara tatu ya akiba, kwa hivyo 1,140,000, na nilihitaji wadhamini watano. Watu watano kukubali kulipa deni langu nikitoroka! Mmoja wao ni mzee wa mapokezi ofisini, ambaye aliweka sahihi kisha akasema, "Msichana, usife kabla ya 2028." Ushuru wa stempu ulikuwa 46,000. Wakili nilimlipa kwa awamu. Hati ilitoka baada ya miezi mitano, na jina langu juu yake, jina la baba mwishoni, na hakuna jina la mtu mwingine yeyote. Niliisoma nikiwa kwenye treni, nimesimama, nimeshika bomba kwa mkono mmoja.

Ndipo nikampigia Mama picha, na ndipo akaniuliza nitazikwa na nani.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikufa 2016. Kwenye sanduku lake la bati kulikuwa na magazeti ya mwaka 1987, yamefungwa kwa kamba ya katani, yote ya kesi moja. Wakili S.M. Otieno alikufa Nairobi Desemba 1986, na mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, Ngong. Ukoo wake, Umira Kager, ukakataa. Ukasema mahali pake ni Nyalgunga, Siaya. Miezi mitano mwili ukiwa mochari, mahakama zikiulizana swali ambalo Mama aliniuliza kwa simu: nyumba aliyojenga mtu mjini ni kwake, ama kwake ni kule alikotoka? Ukoo ulishinda. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Baba alikuwa akisimulia ile kesi kama watu wengine wanavyosimulia mpira, na alikuwa upande wa ukoo, bila wasiwasi. Mimi nilikua nikiwa upande huohuo. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kesi yote ilikuwa juu ya mwanamume. Kwamba kama ni mimi, ule ukoo uliompigania Otieno miezi mitano usingepigana na mtu. Ungenileta hadi kwa ua, ukasimama hapo.

Jioni ile nilimpigia Mama nikamwambia hivyo. Si kwa hasira, ama labda kwa hasira kidogo. Nikamwambia, "Waya alizikwa na nani?" Kukawa kimya. Nilisikia kuku wakiingia, na mtoto wa kaka yangu akiitwa aje kula. Mama akasema, "Wewe unauliza maneno mazito na mimi niko jikoni." Akakata.

Lakini mwezi wa Januari mwaka huu alikuja. Alipanda basi la usiku Migori, akapita Kisii na Narok, akashuka River Road saa kumi na moja alfajiri na kuku hai kwenye kikapu, na gunia la viazi vitamu, na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni ambacho hakutaka nikiguse. Jumamosi nikampeleka kuiona. Nilitaka apande treni. Sisi watu wa Migori na Homa Bay tumekua bila reli. Reli ya wakoloni ilifika Kisumu mwaka 1901, ikagusa ziwa, ikatosheka. Upande wetu ukaachiwa meli, na meli nazo zikaisha. Mama ana miaka 67 na alikuwa hajawahi kupanda treni.

Alikaa dirishani, mkoba magotini, kama mtu aliye kanisani. Makadara hakusema kitu. Imara Daima akauliza mbona hakuna mtu anayeitisha nauli kwa kelele. Syokimau akatazama yale majengo akasema, "Hawa wote wana ploti?" Halafu fleti zikapungua, nyasi zikaanza, akalegea kidogo, akaanza kutaja mimea anayoijua.

Tulitembea kutoka Athi River stesheni. Sikuangalia saa. Yeye ndiye aliyekuwa mbele, na nilikuwa na aibu kwa kila kitu: vumbi, yale majani ya kijivu, lori za saruji, umbali. Tulipofika alizunguka ploti yote mara moja polepole, kigingi hadi kigingi, mikono nyuma. Nilikuwa nimeshaizoea kama pesa, kama deni la hadi 2028. Sikuwahi kuona mtu akiizunguka kama mahali.

"Ni ndogo," akasema.

"Ni ndogo, Mama."

"Hii si dala."

"Najua."

Akasimama pale mteremko unapoanzia, akatazama upande wa juu, kisha upande wa chini, kunakotoka upepo. Akaokota kijiti. "Lango usiweke pale kwa barabara ati kwa sababu barabara iko pale," akasema. "Maji yataingia nayo. Lango liangalie huku." Akachora mstari kwenye vumbi. Akasogea hatua sita, akachora mwingine. "Na jikoni hapa, moshi usiingie kwa nyumba." Nikamwambia nitatumia gesi. Hakusikia, ama alijifanya hakusikia. Alikuwa anahesabu hatua. Aliponyamaza alifungua ile karatasi ya nailoni. Ndani kulikuwa na vijiti vitatu vya ojuok, vimekatwa juzi, maziwa yake yameshakauka kwenye ncha. Ni ule mti wa ua, ule unaozunguka kila boma kwetu. Sikumuuliza amevikata upande gani wa ua. Tulivichimbia kwenye kona kwa kutumia kifuniko cha sufuria, kwa sababu sikuwa na jembe, na ule udongo mweusi ukiwa mkavu ni kama sementi.

Nilikuwa nimesahau kwamba Jumamosi ratiba si kama siku za kazi. Tulipofika stesheni hakukuwa na treni ya kurudi. Mimi, mhubiri. Tukatembea hadi Mombasa Road, tukasimama na kikapu chake kisicho na kuku, lori zikitupitia, na hapo juu mbele magari ya wenye pesa yakielekea kupanda ile barabara ya angani iliyofunguliwa 2022. Mat ya kwanza ilitaka mia na hamsini kila mmoja. Mama akamwambia makanga kwa Kijaluo kwamba yeye si mtalii. Yule kijana akacheka, akajibu kwa Kijaluo, akauliza anatoka wapi.

"Uriri," Mama akasema. Kisha akanielekezea kidevu. "Lakini huyu anakaa hapo."

Tukalipa mia.